Kuuza mkusanyiko wa utotoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu stempu, sarafu na noti za zamani

Nililelewa kwenye nyumba za reli, Tororo, Uganda. Baba alikuwa karani, barua za ofisi zilipita mikononi mwake, na mimi nilikuwa nikimsubiri mlangoni jioni nimpekue mifuko ya koti. Stempu nilizitia kwenye kopo la mafuta ya Kimbo, sarafu kwenye soksi. Nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto wa kusomesha, niliuza sehemu kubwa ya vitu hivyo, vingine vizuri, vingine kijinga. Tangu hapo wenye makopo yao hawaishi kunijia, na maswali ni yale yale. Haya hapa, pamoja na majibu ninayowapa.

## Kabla ya kuamua

Nitajuaje kwamba wakati wa kuuza umefika?

Jiulize mara ya mwisho ulifungua kopo lini, na ulilifungua kufanya nini. Kama hulifungui ila unapohama nyumba, na kazi yake ni kutoka juu ya kabati kwenda chini ya kitanda, basi wanaolitumia ni wadudu. Mende hupenda gundi ya nyuma ya stempu. Nilipofungua langu baada ya miaka mingi, stempu ya mashua ya Ziwa Victoria niliyoipenda kuliko zote ilikuwa imebaki na nusu ya tanga.

Kama bado unalifungua, unapanga, unamwonyesha mtoto, usiuze. Hakuna bei ya soko itakayokulipa hizo Jumapili.

Nianze na lipi: kuuliza bei au kuamua?

Kuamua. Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote, kwa sababu nimeona watu wengi wakilipindua. Mwaga kila kitu mezani, kisha toa vile ambavyo huviuzi na uvifiche chumba kingine, kabla mtu yeyote hajakutajia hata shilingi. Ukishasikia bei, kila kitu mezani kinaanza kufanana na karo, mabati na deni la duka.

Mimi nilibakiza bahasha moja. Baba aliituma kutoka Kasese alipohamishiwa kwa muda. Jina la mama limeandikwa kwa wino wa bluu, herufi ya kwanza ina mkia mrefu kama wa kinyonga, na muhuri wa posta umekaa sawasawa juu ya stempu. Mnunuzi wa kwanza alipoiona kwa bahati mbaya aliitaka kuliko albamu nzima. Nilimjibu haimo. Kama ningekuwa sijaamua siku iliyotangulia, ingekuwa imeondoka naye, maana alichotaja kilikuwa karibu muhula mzima wa shule.

Niuze yote kwa pamoja au nichambue?

Ukiuza kopo zima, mnunuzi analipia vile vya kawaida kwa bei ya takataka na kile kimoja cha maana anakipata bure. Ukichambua, unapata zaidi lakini unabaki na mabaki ambayo hakuna anayeyataka, na kazi inaweza kuchukua miezi. Njia ninayoipenda: chambua vitu kumi au ishirini vya juu uviuze kimoja kimoja, vilivyobaki uvitoe kwa mkupuo. Namna ya kuvitambua hivyo vya juu imeelezwa katika sehemu inayofuata.

Karo inatakiwa wiki ijayo. Niuze sasa hivi?

Jaribu kukopa kwanza kwenye chama au SACCO. Mwuzaji mwenye haraka huonekana tangu mlangoni, na wanunuzi wa vitu vya zamani wana subira kama ya mvuvi. Ukilazimika kabisa, uza vile ulivyonavyo viwili viwili au zaidi, na sarafu ambazo bei yake inafuata uzito wa madini. Bahasha na stempu za zamani usiziguse katika wiki ya namna hiyo.

Roho inanisuta, naona kama ninamuuza marehemu baba. Ni kosa?

Mimi si shehe wala padri. Ninachoweza kusema ni kwamba baba yangu hakukusanya stempu. Aliniletea mimi nizikusanye. Wengi wanaouliza hivi, tukikaa kidogo, huona kwamba kinachowauma ni kitu kimoja au viwili tu. Bakiza hivyo. Kama kopo lilikuwa lake yeye mwenyewe na si lako, hilo ni jambo jingine, na lina upande wa sheria: angalia swali la ndugu wanaodai mgao.

## Nina nini hasa mkononi?

Sarafu zenye tundu katikati zina thamani?

Zile za senti 1, 5 na 10 za Afrika Mashariki zilitolewa kwa wingi mno, na zilizagaa Uganda, Kenya na Tanganyika. Bibi zetu walizitunga kwenye uzi. Moja iliyochakaa ni ya kumpa mtoto. Iliyobaki iking'aa kama siku ilipotoka kiwandani inatafutwa, kwa sababu zilizosalimika hivyo ni chache.

Nimepata ya mwaka 1936 yenye jina la Edward VIII. Nimetajirika?

Bado. Mfalme huyo wa Uingereza alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, na sarafu nyingi za himaya yake hazikuwahi kutoka na sura yake. Hizi zetu zilitoka kwa sababu zenye tundu hazikuwa na sura ya mtu, jina tu lilitosha. Senti 5 na senti 10 za 1936 zilitolewa nyingi sana. Wageni huzipenda kwa hadithi yake, kwa hiyo zinauzika upesi, lakini kwa bei ndogo. Usimkatie mtu simu akikutajia kidogo. Pengine anakwambia kweli.

Shilingi yenye simba ni ya madini ya fedha?

Inategemea mwaka. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyotoka kati ya 1921 na 1946 ina robo ya madini ya fedha. Ina uzito wa karibu gramu 7.8, kwa hiyo fedha yenyewe haizidi gramu 2. Kuanzia 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na haina fedha hata chembe. Soma mwaka kabla hujamwamini mtu anayezipima kwa kilo.

Florini ya 1920 ni habari nyingine. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, ikaondoa rupia na kuleta florini, kisha mwaka uliofuata ikaleta shilingi. Florini iliishi kidogo sana. Ukiikuta, ifunge kwenye karatasi safi na uendelee kusoma hadi swali la kusafisha.

Sarafu za Uganda yenyewe, baada ya uhuru?

Za kawaida za mzunguko ni nyingi na rahisi. Mbili za kuangalia: shilingi 5 ya 1968 ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yenye ng'ombe na ndama wake, ambayo wakusanyaji huiomba, na zile za 1969 zilizotengenezwa kwa ajili ya ziara ya Papa Paulo VI, za fedha na za dhahabu. Za dhahabu hazikai kwenye soksi ya mtoto. Lakini nimewahi kuona moja ya fedha iliyofanywa kishaufu, imetobolewa juu kidogo ya kichwa cha Papa. Tundu lile lilikuwa limekula sehemu kubwa ya bei.

Na noti za Idi Amin?

Zilianza kutoka 1973, zilichapishwa kwa wingi, na watu wengi walizihifadhi kwa sababu ya sura iliyomo. Ndiyo maana si adimu. Noti iliyokunjwa na kuchafuka ni ukumbusho wa kumuuzia mtalii. Ile isiyo na mkunjo hata mmoja, pembe zake nne zikiwa kali, ina bei nzuri zaidi mara nyingi. Hata hivyo usitegemee bei ya ng'ombe.

Noti za 1966, zile za kwanza kabisa za Benki ya Uganda, hutafutwa zaidi zikiwa safi. Vivyo hivyo noti za Bodi ya Afrika Mashariki zenye picha ya Malkia, hasa za thamani kubwa, maana ni wachache waliokuwa na uwezo wa kuziacha ndani bila kuzitumia.

Benki ya Uganda itanibadilishia noti za zamani?

Za kabla ya Mei 1987, hapana. Mwaka huo shilingi 100 za zamani zilibadilishwa kuwa shilingi 1 mpya, na serikali ikakata asilimia 30 juu yake. Noti ya zamani ya shilingi 5,000 ilikuletea 50, ukakatwa, ukaondoka na 35. Walioficha noti godoroni wakachelewa walibaki na karatasi. Leo karatasi hizo zina mnunuzi mmoja tu, naye ni mkusanyaji.

Stempu zangu ni mamia. Nianze wapi?

Zigawe mafungu manne.

Fungu la kwanza ni zile zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapa ndipo pa kutulia, na lenzi ya kukuzia iwe karibu. Toleo la 1935 na lile la Mfalme George VI la 1938 hadi 1954 lina picha tunazozijua wote: simba, korongo, Mlima Kilimanjaro, daraja la Jinja penye maporomoko ya Ripon. Picha ni zile zile, lakini meno ya pembeni hayako sawa. Ziliendelea kuchapishwa miaka mingi, na mashine za kutobolea zikabadilishwa. Stempu mbili zinazofanana kama pacha, moja ni ya bei ya maandazi na nyingine ni ya bei ya mbuzi, tofauti ni idadi ya meno tu. Kipimo cha meno ni kipande cha plastiki chenye mistari. Agiza kwa anayetoka Nairobi au nje. Kwenye ile ya mashua ya Ziwa Victoria, fuata kamba kwa lenzi: kuna zile ambazo kamba inagusa tanga na zile ambazo haigusi. Wanaojua huzitenga.

Fungu la pili ni stempu za Uganda kuanzia uhuru hadi Amin: za Oktoba 1962 zenye kahawa, pamba, ng'ombe wa Ankole na Makerere, za ndege za 1965, za maua za 1969, za mazao za 1975. Ni nzuri kwa macho, ila ni za kawaida. Ziuze kwa seti, si moja moja.

La tatu ni zile zilizopigwa chapa UGANDA LIBERATED 1979 baada ya Amin kuondoka. Watu huzishika kwa mikono miwili kana kwamba ni hati ya kiwanja. Zipo nyingi sokoni.

La nne ni stempu kubwa za rangi za miaka ya themanini na tisini: katuni za Walt Disney, magari, samaki wa bahari ambayo hatunayo. Zilitengenezwa zaidi kwa ajili ya wakusanyaji wa nje kuliko barua zetu. Wape watoto wacheze, nao wataanza kopo lao.

Stempu ya pauni au ya shilingi nyingi iliyotumika ina thamani?

Angalia kwanza imefutwa vipi. Stempu za thamani kubwa za zamani zilitumika sana kwenye hati na risiti za ushuru, zikafutwa kwa kalamu au kwa muhuri wa ofisi. Hizo huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya ile yenye muhuri wa posta. Wapo wajanja wanaoufuta wino wa kalamu na kuigonga muhuri wa bandia, basi na wewe usinunue kwa pupa.

Nina karatasi ndogo imepigwa kwa mashine ya chapa, imeandikwa U G. Je, ndiyo ile ya kauri?

Mwaka 1895, Mengo, mmisionari Ernest Millar alipiga stempu za kwanza za Uganda kwa mashine yake ya chapa, bei ikiwa kwa kauri, kwa sababu kauri ndizo zilizokuwa fedha ya sokoni. Ni kati ya stempu zinazotafutwa sana Afrika. Ni rahisi pia kughushi: mashine kuukuu na karatasi nyembamba vinatosha. Katika makopo yote niliyofunguliwa sijakutana na ya kweli. Ukidhani unayo, usiiuze kwa mtu yeyote hapa kabla haijapata cheti cha wataalamu wa stempu nje ya nchi. Gharama yake inauma, lakini bila cheti hakuna atakayekulipa cha maana.

Nizibandue stempu kwenye bahasha?

Usithubutu. Nina uchungu na swali hili. Nikiwa na miaka kumi na miwili nililoweka bahasha zaidi ya mia kwenye beseni la mama, nikaanika stempu kwenye gazeti juani, nikajiona bingwa. Bahasha zile zilikuwa na mihuri ya Butiaba, Masindi, Hoima, Fort Portal, ofisi ndogo ambazo mihuri yake inatafutwa kuliko stempu yenyewe. Bahasha nzima husimulia barua ilitoka wapi, ikapita wapi, ikachukua siku ngapi. Stempu niliyoitoa ilikuwa ya kawaida kabisa.

Bahasha za miaka ya 1972 na 1973 zitenge peke yake. Agosti 1972 Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke, na familia nyingi zilitua Leicester na London. Wapo kwao wanaotafuta barua yenye muhuri wa mji walikozaliwa, hata kama jina la mwandikaji hawalijui.

Nisafishe sarafu kabla ya kuzipeleka?

Hapana. Wala majivu, wala limau, wala dawa ya meno. Nilimwona mzee mmoja Mbale amesugua florini yake kwa majivu hadi ikawa kama kijiko kipya. Aliitoa kwenye leso akitabasamu. Mnunuzi aliigeuza mara moja, akairudisha. Ule weusi ndio unaoonyesha kwamba sarafu haijaguswa, na mikwaruzo ya kusugua haiondoki tena.

Kama ni tope, iloweke kwenye maji safi, uipanguse kwa kuigusa tu na kitambaa laini. Ishike ukingoni. Usiitie kwenye mifuko ya plastiki laini inayonuka, ile huacha ukijani unaokula sarafu. Stempu nazo zishike kwa kibanio, si kwa vidole vilivyotoka kwenye rolex (chapati ya mayai), na selotepu isizikaribie.

Kitabu cha bei kimeandika pauni 20. Kwa nini ninapewa 4?

Bei ya kitabu ni ile ambayo duka kubwa la London lingemuuzia mteja kitu kikiwa katika hali nzuri sana. Si bei ya kununulia. Duka lina kodi, lina hasara ya vitu vinavyokaa rafuni, na stempu yako pengine ina meno mawili yaliyokatika. Kwa uzoefu wangu, robo au theluthi kwa kitu cha hali nzuri si wizi. Kwa vitu vya kawaida, kitabu kikisema kiasi cha chini kabisa, soko linasema sifuri.

## Kuuza kwenyewe

Niuze wapi nikiwa Uganda?

Noti za Amin, sarafu zenye tundu na vitu vya ukumbusho: soko la kazi za mikono la Buganda Road na vibanda vya nyuma ya Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza (National Theatre), Kampala. Wanachotaka wao ni watalii wanunue, kwa hiyo wanakupa nusu au chini ya hapo, papo hapo, bila maneno. Ukitaka kujua bei ya mwisho, pita kwanza ukijifanya mnunuzi.

Stempu za zamani na bahasha: soko lake liko nje. Kuna chama cha watafiti wa stempu za Afrika Mashariki kilichoko Uingereza, East Africa Study Circle, na wanachama wa vyama kama hicho hulipa vizuri kwa muhuri ambao hawajauona. Nyumba za mnada za huko hupokea vitu, ila hukata kamisheni na huwa na kiwango cha chini cha thamani. Kabla ya kuweka kitu kwenye tovuti yoyote ya mnada, hakikisha malipo yake yanaweza kukufikia Uganda. Watu huuza vizuri kisha fedha ikakwama ng'ambo.

Soko la Owino, Kampala, sikushauri. Si kwa ubaya, ila huko kila kitu kinauzwa kwa fungu.

Nimeona tangazo: sarafu ya zamani, milioni 50. Ni kweli?

Ni mtego. Watakuomba picha, watakusifu, kisha watakuambia ulipe ada ya usajili, ya cheti, au ya gari la kumleta mtaalamu. Ada hiyo ndiyo biashara yao. Mnunuzi wa kweli hakuombi hela.

Katika ukoo huo huo wamo wanaotafuta rupia inayovuta mchele na pasi ya mkaa yenye jogoo wanayodai ina zebaki ndani. Watakuja na chembe za mchele mezani na maneno matamu. Hakuna sarafu inayovuta mchele. Rupia za Wajerumani zina thamani ya kawaida ya kukusanywa, na ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyogongwa Tabora 1916, yenye tembo, ni ghali kweli, na ndiyo maana za bandia ni nyingi kuliko za kweli.

Nipige picha vipi?

Mchana, kivulini, karibu na dirisha, juu ya karatasi nyeupe. Bila mmweko. Pande zote mbili, na upande wa nyuma wa stempu pia. Weka rula pembeni. Onyesha kasoro wewe mwenyewe. Mnunuzi akiigundua baadaye atarudisha kitu, na maneno atayapeleka kwa wenzake.

Mnunuzi anasema ametuma kwa Mobile Money. Nimpe mzigo?

Angalia salio lako kwanza, wewe mwenyewe, kwenye simu yako: *165# kwa MTN, *185# kwa Airtel. Ujumbe si fedha. Mimi niliuza bahasha tatu kwenye mkahawa mmoja. Mnunuzi alikuwa amevaa vizuri, akaita chai, akabonyeza simu, na ujumbe ukaingia kwangu wenye jina lake na kiasi kamili. Nilisoma maneno, sikusoma namba iliyoyatuma. Nilipofika kwa wakala kutoa, salio lilikuwa shilingi 1,300. Chai nayo nilikuwa nimeilipa mimi.

Kumbuka pia kwamba ukitoa fedha kwenye simu kuna ada ya wakala pamoja na ushuru wa serikali wa asilimia 0.5. Kubalianeni mapema nani anabeba.

Niandike mkataba?

Kwa kitu kinachozidi bei ya mkungu wa matoke, ndiyo. Karatasi moja: kitu gani, bei, tarehe, majina, namba za vitambulisho vya taifa, sahihi, na picha zilizochapishwa nyuma. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) si lazima, ila kama kopo ni la familia, saini yake huzima maneno mengi.

Nitumie nje kwa njia gani?

Stempu na bahasha: katikati ya makadi mawili magumu, kwa EMS (huduma ya haraka ya posta) au barua ya rejesta, fomu ya forodha ikijazwa kwa ukweli. Sarafu na noti ni tofauti: kanuni za posta za kimataifa haziruhusu kuzitia kwenye barua ya kawaida isiyo na bima. Uliza kaunta kabla ya kufunga, na hifadhi risiti hadi mnunuzi athibitishe. Wengine husubiri jamaa anayesafiri. Ni sawa, ila naye apewe karatasi inayoeleza alichobeba.

## Mambo ya pembeni yanayoleta matatizo

Kwenye kopo kuna manyoya ya korongo taji, kucha na kipande cha pembe. Niviuze pia?

Usiviuze, wala usivipige picha ya kuuzia. Watoto waliokota vitu hivyo bila ubaya, lakini Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inakataza kumiliki na kuuza mazao ya wanyamapori bila kibali, na kwa wanyama walio hatarini adhabu yake ni nzito mno, hadi kifungo cha maisha. Wasiliana na Mamlaka ya Wanyamapori kabla ya kuvisogeza.

Na mkuki wa babu, ngoma au shanga za kale?

Hivyo havifuati mkondo wa sarafu. Sheria ya Makumbusho na Minara ya Kumbukumbu ya 2023 inalinda vitu vya urithi, na kuvitoa nje ya nchi bila ruhusa ni kosa. Vipeleke vionwe Makumbusho ya Uganda, Kitante. Hawatakunyang'anya kwa kuuliza.

Ndugu zangu wanadai mgao. Nililikusanya mimi.

Kama ulilikusanya wewe, ni lako, hata kama lilikaa nyumbani kwa wazazi miaka thelathini. Lakini kama lilikuwa la mzazi aliyefariki, ni sehemu ya mirathi. Kuuza mali ya marehemu kabla ya kupata barua za usimamizi ni kuingilia mirathi, na sheria haijali kama ni nyumba au ni kopo. Mara nyingi haifiki huko: waite, mwaga vitu mezani, kila mmoja achague kimoja cha kukumbukia, ndipo muuze vilivyobaki. Dada yangu alichagua soksi. Nilimwambia sarafu ndizo zenye bei, akasema soksi aliifuma yeye.

Hakuna anayetaka kununua. Nifanyeje?

Kopo nyingi huishia hapa. Shule inayofundisha historia ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya zamani iliyovunjika 1977, itafurahi kupata stempu zenye majina ya nchi tatu kwenye kipande kimoja. Mtoto wa jirani naye anatosha.

Nimeshauza, na sasa najuta. Ninaweza kuirudisha?

Mpigie mnunuzi ndani ya siku chache, kwa adabu, ukiwa na fedha yake yote mkononi na kidogo juu. Wakusanyaji wanaelewa ugonjwa huu kwa sababu wanao. Baada ya mwezi, kitu kimeshahama. Hapo omba walau picha nzuri. Mimi niliomba ya ile mashua iliyoliwa na mende, niliyokuwa nimeiuza ndani ya fungu la mabaki. Aliyeinunua alinitumia yenyewe kwa posta, bure, akiwa ameibandika kwenye bahasha karibu na stempu halali. Karani wa posta ya huko aliigonga muhuri nayo.